Scrooge wa Mjomba

Kwenye boksi la kanda iliandikwa kwamba filamu ni ya rangi. Kwenye luninga ya bibi, pale Tanga, ilitoka nyeusi na nyeupe. Tuliitazama hivyo kila Krismasi tangu nikiwa darasa la pili mpaka namaliza la saba, na hakuna mtu mzima pale nyumbani aliyeona ajabu. Aliyeileta ni mjomba, baharia, na vitu vya mjomba kutoka melini vilishazoeleka kuja na kilema chake. Kulikuwa na saa ya umeme ya Marekani ambayo hata ukiipitisha kwenye transfoma ilichelewa dakika kumi kila saa. Kulikuwa na viatu viwili vya mguu mmoja. Sasa kanda ya rangi isiyotoa rangi ilikuwa na ajabu gani?

Filamu yenyewe ni ile ya 1951, Alastair Sim akiwa Scrooge. Waingereza waliitoa kwa jina la Scrooge. Wamarekani wakaiita A Christmas Carol, kama kitabu cha Charles Dickens. Yaani kabla hata hujaitia kwenye deki, tayari ni mbili. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiifuatilia toleo kwa toleo: kanda, diski, zilizokatwa, zilizopakwa rangi, zilizosafishwa. Kuna atakayesema hiyo ni kazi ya mtu asiye na kazi, na sitabishana naye sana. Ila nilikuwa na swali moja tangu utotoni, na jibu lake lilikuwa limefichwa kwenye tofauti za nakala. Nitalifikia.

Kisa wengi mnakijua. Ebenezer Scrooge, tajiri bahili wa London, anatembelewa mkesha wa Krismasi na mzimu wa marehemu Marley, mshirika wake wa biashara, halafu na roho tatu zinazomwonyesha yaliyopita, yaliyopo na yatakayokuja. Asubuhi anaamka mtu mwingine. Dickens alikitoa tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 za kwanza zikaisha kabla ya sikukuu. Gharama za kuchapa alizibeba mwenyewe, na alitaka kitu cha kupendeza: jalada la kitambaa lenye nakshi za dhahabu, na picha nne za John Leech zilizopakwa rangi kwa mkono, nakala baada ya nakala. Karatasi za ndani ya jalada hazikumridhisha, zikabadilishwa rangi, na ukurasa wa jina nao ukabadilishwa. Ndiyo maana wakusanyaji wa vitabu hubishana mpaka leo ipi ni ya kwanza kati ya hizo za kwanza. Kwa uzuri wote huo bei ilikuwa shilingi tano tu, na mwandishi aliyetarajia faida ya paundi 1,000 akapata 230.

Halafu wakaja wezi. Mapema Januari 1844 jarida moja la bei chee, Parley's Illuminated Library, likatoa kisa kilekile, kimefupishwa na kugeuzwa maneno hapa na pale. Dickens akaenda mahakamani, akashinda. Waliomwibia wakatangaza kufilisika, na yeye mshindi akabaki na gharama za kesi, paundi 700. Niliposoma habari hii nilicheka kwa uchungu, maana nimekulia zama za diski moja yenye filamu nane, jalada lake limetolewa fotokopi. Kumbe kisa hiki kilianza kurudufiwa bila ruhusa kikiwa hakijafikisha wiki tatu duniani.

Sinema nayo haikuchelewa. Filamu ya zamani kabisa inayojulikana ni ya 1901, ya Robert Paul wa London, isiyo na sauti, na kilichobaki kwake leo ni dakika tatu na kidogo. Mwaka huohuo mwigizaji Seymour Hicks alianza kumcheza Scrooge jukwaani, akaendelea naye kwa miongo. Alimcheza katika filamu kimya ya 1913, na tena mwaka 1935, safari hii kwa sauti, chini ya mwongozaji Henry Edwards kwenye studio za Twickenham. Hiyo ya 1935 naiomba msomaji aikumbuke, kwa sababu yaliyoipata ni mfano wa yanayoipata filamu isiyo na mwenyewe.

Ilipotengenezwa ilikuwa na dakika 78. Ina jambo moja ninalolipenda sana: mzimu wa Marley hauonekani. Unausikia tu, na Scrooge anaongea na kiti kitupu. Lakini Marekani ilichukuliwa kwa miaka mingi kuwa ni mali ya umma, maana yake yeyote mwenye nakala aliweza kuirudufu na kuiuza. Nakala iliyosambaa zaidi ilikuwa imekatwa, ina kama saa moja tu. Basi zama za kanda za video zilipofika, kila kampuni ndogo iliyotaka kitu cha Krismasi cha kuuza rahisi ilichukua hiyohiyo, ikairudufu kutoka kwenye nakala ya nakala, ikaweka jalada lake. Nimeitazama katika hali hiyo. Nyuso ni madoa meupe, London yote ni moshi, na kwa kuwa Marley haonekani hata kwenye nakala nzuri, kwenye mbovu unaanza kudhani na wengine wote ni mizimu. Watu wengi walioiona hawakujua kwamba wameona robo tatu tu ya filamu. Haikuwa adimu hata kidogo; ilikuwa kila mahali, na kwa kuwa ilikuwa kila mahali hakuna aliyeona haja ya kuitafuta ikiwa kamili.

Ile ya 1951 ilikuwa na bahati tofauti, ingawa mwanzo wake haukuahidi. Iliongozwa na Brian Desmond Hurst, mzaliwa wa Belfast aliyepigana Gallipoli katika vita ya kwanza ya dunia, na ilipigwa kwenye studio ndogo za Nettlefold, Walton-on-Thames. Mswada uliandikwa na Noel Langley, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, mmoja wa walioandika The Wizard of Oz. Huko New York ilikuwa ionyeshwe Radio City Music Hall, ukumbi wa kupeleka familia wakati wa sikukuu. Wenye ukumbi wakaona ni ya giza mno. Ikahamishiwa ukumbi mdogo wa Guild, Novemba 1951, ikapita bila kelele nyingi.

Giza hilo lipo, tena ndilo uzuri wake. Kivuli cha ngazi za nyumba ya Scrooge kinakula nusu ya picha. Michael Hordern anapolia kama Marley, minyororo mwilini, watoto tulikuwa tunashikana mikono. Na Sim mwenyewe, ana macho makubwa yenye mifuko chini, uso unaoweza kuwa wa kutisha na wa kuchekesha ndani ya sekunde moja. Wengi wanakumbuka asubuhi ya mwisho, jinsi anavyosimama kichwa chini miguu juu kwa furaha, na jinsi mfanyakazi wake wa usafi, Bi Dilber, anavyokimbia akipiga mayowe akidhani bwana amepata kichaa. Kisha Scrooge anampandishia mshahara kutoka shilingi mbili kwa wiki mpaka kumi. Bibi alikuwa akifika hapo anasema, "Sasa huyu ndiye kaokoka."

Kilichoiokoa filamu yenyewe ni luninga. Vituo vya Marekani vilihitaji kitu cha kujaza usiku wa Desemba, wakaanza kuirusha mwaka baada ya mwaka, na watu waliokua nayo wakaihesabu kuwa sehemu ya sikukuu. Lakini luninga hukata ili kuweka matangazo. Kwa hiyo kanda ya video ilipoingia madukani, wengi waliinunua ili kupata kwa mara ya kwanza dakika zote 86 zikiwa mfululizo. Aliyeishikilia zaidi huko Marekani ni kampuni moja ya Tulsa, Oklahoma, VCI, na jina lake utalikuta kwenye kanda na diski nyingi za filamu hii.

Hapa ndipo inapoingia rangi.

Miaka ya 1980 wenye filamu waligundua kwamba kompyuta inaweza kuitia rangi filamu ya zamani. Filamu ilihamishiwa kwenye video, mtu akaketi mbele ya skrini, akachagua koti liwe la kahawia, pazia liwe jekundu, nyasi ziwe kijani, na mashine ikabeba uamuzi wake kutoka fremu moja hadi nyingine mpaka kipande kiishe. Picha ya zamani haikufutwa. Ilibaki chini, rangi ikapita juu yake, kama mama anavyopaka chokaa ukuta wa udongo. Ted Turner, aliyekuwa amenunua hazina ya filamu za MGM, alipaka nyingi. Wazee wa sinema wakapandwa na hasira: John Huston alilalamikia The Maltese Falcon, James Stewart akalalamikia It's a Wonderful Life. Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 1988 ya kuanzisha orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa, na filamu ya kwenye orodha ikibadilishwa ilikuwa sharti itangazwe kwamba imebadilishwa. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Watoto wa Huston walishitaki kuzuia The Asphalt Jungle iliyopakwa rangi isirushwe, na mwaka 1991 mahakama ya juu ikasema haki ya msanii juu ya kazi yake haiishi kwa kuwa ameiuza.

Scrooge ilipakwa mwaka 1989. Nimeiona, naweza kusema ninachofikiri: nyuso zote zina rangi ya biskuti, na yale maeneo ya giza ambayo mpiga picha aliyaacha yawe giza yametiwa ubluu wa wasiwasi, kama vile aliyepaka aliogopa kuacha pengo. Hata hivyo nisijifanye mtakatifu wa nyeusi na nyeupe. Dickens mwenyewe alilipa watu wapake rangi picha za kitabu chake. Angekuwa na kompyuta sijui angefanya nini.

Kanda ya mjomba ilikuwa hiyo ya rangi. Kwa nini basi sisi hatukuiona rangi?

Jibu nililipata ukubwani, na ni la kiufundi, nivumilieni. Dunia ya luninga wakati ule ilikuwa imegawanyika. Marekani ilitumia mfumo wa NTSC, mistari 525 kwenye picha, ukienda sambamba na umeme wao wa mizunguko 60 kwa sekunde. Uingereza na sehemu kubwa ya nchi zilizopita mikononi mwake, sisi tukiwemo, tulitumia PAL, mistari 625, umeme wa mizunguko 50. Saa ya mjomba ilichelewa kwa sababu hiyohiyo, ilikuwa inahesabu mizunguko. Kanda ya NTSC kwenye deki ya PAL ya kawaida hupepesuka tu. Lakini deki nyingine za miaka ya 1990, kama ya bibi, ziliweza kuisoma, zikaipeleka kwenye TV. TV ikaweza kuonyesha mwanga na kivuli, maana hiyo ni sehemu moja ya mawimbi. Rangi ni sehemu ya pili, imefungwa kwa lugha nyingine, na TV yetu haikuijua lugha hiyo. Ikaiacha.

Umeelewa kilichotokea? Watu walikaa Marekani mbele ya kompyuta miezi na miezi wakipaka rangi, na luninga ya chogo kubwa ya Tanga ikaibandua yote. Tulichokiona hakikuwa sawasawa na alichokipiga mpiga picha wa Hurst, lakini kilikuwa jirani yake kabisa. Na kuna la ziada. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, ila PAL huonyesha 25, kwa hiyo filamu iliyohamishiwa PAL hukimbia kidogo: dakika 86 zinakuwa 82 na nusu, na sauti zinapanda. NTSC ina ujanja mwingine, hurudiarudia baadhi ya picha, na urefu unabaki uleule. Basi Mwingereza aliyekuwa na kanda yake kwao alimsikia Sim akiongea haraka na kwa sauti nyembamba kuliko ilivyo kweli, na mimi Tanga, kwa kanda ya Kimarekani, nilimsikia jinsi alivyo.

Baadaye zikaja diski. Moja ya DVD za VCI ilimweka Patrick Macnee atambulishe filamu, mzee tayari, aliyemcheza Marley kijana mwaka ule wa 1951 kabla hajawa maarufu kwa The Avengers. Nakala za rangi na zisizo na rangi zikawekwa pamoja, mtazamaji achague. Mwaka 2007 likatoka toleo la wakusanyaji, na 2009 likafuata la Blu-ray. Hata yule yatima wa 1935 alipewa nafasi kama nyongeza ndani ya boksi la mdogo wake, na hapo wengi tulimwona akiwa na umbo lake kamili.

Lakini usidhani kila kipya ni bora. Luninga pana zilipoingia madukani, watu walianza kuchukia ile mipaka myeusi kushoto na kulia ya filamu za zamani, wakitaka picha ijaze skrini waliyoilipia. Filamu ya 1951 ilipigwa kwa umbo la karibu mraba, kabla sinema hazijapanuka. Ili ijaze skrini pana lazima ukate juu na chini, na ukipiga hesabu unatupa karibu robo ya picha. VCI nao waliwahi kuweka kwenye diski nakala iliyokatwa hivyo, na wapenzi wa filamu wakapiga kelele, kwa haki. Paji la uso la Sim likiondoka, nusu ya uigizaji wake imeondoka.

Usafi nao una vituko vyake. Asubuhi ya Krismasi, Scrooge anapokuwa mbele ya kioo, ukitazama vizuri utamwona mtu mwingine kwenye kioo hicho, mmoja wa mafundi waliokuwa wakipiga filamu, kasimama pale asipotakiwa. Kwenye kanda yetu hakuwepo, alikuwa ukungu. Kwenye Blu-ray yupo, kasimama tangu 1951. Nilimfurahia kama jamaa niliyepotezana naye.

Na kuna mfano wa karibu zaidi unaoonyesha kwamba kanda inaweza kuijua filamu kuliko diski. The Muppet Christmas Carol ya 1992, ya wale vikaragosi, ina wimbo ambao mchumba wa Scrooge anamwimbia wanapoachana. Wakuu wa Disney waliona utawachosha watoto, ukaondolewa kwenye majumba ya sinema. Kwenye kanda za nyumbani ukarudi. Kisha zikaja diski za skrini pana zisizokuwa nao, na filamu halisi ya kipande kile haikujulikana iko wapi. Watu waliokua na kanda wakasisitiza kwamba wimbo upo, wanaukumbuka, huku watoto wao wakitazama diski isiyo nao. Kipande kilipatikana, ikatangazwa mwaka 2020, na Desemba 2022 toleo kamili likawekwa hadharani.

Sasa lile swali langu.

Kwenye kanda ya mjomba palikuwa na sehemu imeharibika. Roho ya kwanza inamwonyesha Scrooge ujana wake, halafu ghafla mistari myeupe inapita, sauti inazama na kuibuka kama ya mtu aliye chini ya maji. Kama dakika mbili hivi. Picha ikitulia, mzee Scrooge analia sana. Kila mwaka alilia, na kila mwaka sikujua analia nini. Nilimwuliza mjomba, akasema deki chafu. Nilipoanza kusoma Kiingereza cha kutosha nikaenda kwenye kitabu, nikakipitia ukurasa kwa ukurasa. Hakuna. Dada yake Scrooge, Fan, katika kitabu ni mdogo wake, na kufa kwake kunatajwa kwa sentensi mbili tatu tu.

Kilichokuwemo mle ni cha Langley. Yeye alimgeuza Fan akawa dada mkubwa. Mama yao alikufa akimzaa Ebenezer, na baba hakumsamehe mtoto. Kisha Fan naye anakufa akimzaa Fred, na Ebenezer anafanya kwa mtoto yule kilekile alichofanyiwa. Kwenye chumba cha mgonjwa, Scrooge kijana anageuka na kutoka kabla dada hajamaliza kusema. Scrooge mzee, aliyesimama pale na roho, ndiye anayesikia kwa mara ya kwanza maneno yaliyobaki: Fan anamwomba amtunzie mwanawe.

Mtu anayesoma kwa Kiingereza anaambiwa Fred ni mpwa, na neno lao halimwambii ni wa upande gani. Kwa Kiswahili ukishasema mjomba umeshasema kuna dada. Scrooge ni mjomba aliyemkataa mtoto wa dada yake, na kwetu hakuna namna ya kulisema hilo likasikika dogo. Ndiyo maana mwisho wa filamu unanigusa kuliko mwisho wa kitabu. Scrooge anafika nyumbani kwa Fred, anasita mlangoni mwa sebule, na mtumishi wa kike aliyempokea kofia anamtikisia kichwa tu, ingia. Hasemi neno.

Niliiona sehemu ile nikiwa na miaka ishirini na tisa, kwenye DVD, chumbani kwangu Dar es Salaam. Niliirudia.

Fundi mmoja wa deki wa Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga, aliwahi kunieleza jinsi kanda inavyokufa. Ndani ya deki kuna kichwa kinachozunguka kwa kasi, kinasugua utepe. Ukiacha kanda itembee, kinasugua kila mahali sawa. Ukiisimamisha, kinasugua palepale. Ukirudisha nyuma ukaangalia tena, ukasimamisha tena, ukarudisha, unga unaoshika picha unakwanguka pale ulipopapenda. "Ukitaka kujua mwenye kanda anapenda nini," aliniambia, "tafuta palipoharibika." Alikuwa anaongelea kanda za mieleka na za harusi.

Mama yangu, dada yake mjomba, alifariki siku aliyomzaa mdogo wangu. Meli ya mjomba ilikuwa safarini. Alifika Tanga baada ya miezi miwili, kaburi limeshaota majani. Mdogo wangu ndiye aliyesomeshwa na mjomba mpaka chuo, na hakuna aliyewahi kumsikia akisimulia kwa nini. Mjomba alikuwa analala sebuleni akiwa likizo, ilipokuwa deki.

Krismasi ya mwaka juzi nilikwenda Tanga na diski. Mjomba ameshastaafu, macho hayaoni vizuri, lakini TV anaitazama kwa karibu. Nikaanza na ile ya rangi, nikidhani nitamfurahisha, maana ndiyo aliyoinunua kwa pesa yake. Aliitazama kama dakika kumi.

"Mjomba," aliniambia, kwa sababu kwetu mjomba naye humwita mpwa wake hivyo, "hii siyo. Weka ile yetu."

Nikaweka nyeusi na nyeupe. Ilikuwa safi, bila mstari hata mmoja. Akaja Marley, akacheka kidogo jinsi tulivyokuwa tunashikana mikono. Ikaja roho ya kwanza, shule, ujana. Mdogo wangu alikuwa jikoni na mkewe. Kikafika chumba cha Fan, na safari hii kila neno lilisikika mpaka la mwisho. Mjomba hakusema kitu. Kilipoisha alinyoosha mkono, akaomba rimoti, akanirudishia kwa sababu hakuona vitufe, akasema nirudishe nyuma.